Dakika tatu ulingoni: kuandaa onyesho la kimataifa la mbwa wa nasaba Nakuru, na kuwapima kwa haki

Mara ya kwanza niliposhika daftari la ulingo, mzee mmoja kutoka Njoro alinijia na Rottweiler mkubwa kama ndama akaniuliza, "Sasa huyu wangu anashindana na yupi?" Nikamwonyesha wenzake watatu waliokuwa wamelala kivulini. Nilimjibu vibaya. Mbwa wa nasaba hashindani na mbwa aliye kando yake, anashindana na karatasi. Kila mbegu, yaani aina ya mbwa, ina maelezo yake yaliyoandikwa: kichwa kiweje, mgongo uweje, atembeeje, awe na tabia gani. Kazi ya jaji ni kusema nani kati ya waliofika ameyakaribia zaidi maelezo hayo.

Kwa kazi hiyo ana kama dakika tatu kwa kila mbwa, basi. Kwa hiyo ukitaka kuandaa onyesho, usianze na bango wala na wafadhili. Anza na dakika hizo tatu, kisha rudi nyuma ukiuliza ni nini kinachoweza kuziharibu. Jua kali, nyasi ndefu, kipaza sauti kinachokoroma, mbwa asiye na chanjo, jaji aliyelala kwa rafiki wa mshiriki. Mwongozo huu umefuata njia hiyo.

Neno "kimataifa" lina mwenyewe

Onyesho haliwi la kimataifa kwa sababu watu wawili wamevuka mpaka wa Malaba na mbwa wao. Kuna shirikisho liitwalo FCI, lililoundwa mwaka 1911 na Ujerumani, Austria, Ubelgiji, Ufaransa na Uholanzi, lenye makao yake Thuin, Ubelgiji. Kwao, onyesho la kimataifa ni lile lililoruhusiwa kutoa cheti kiitwacho CACIB. Kwa mbegu nyingi, mbwa huhitaji vyeti hivyo vinne, kutoka nchi tatu, kwa majaji watatu tofauti, na kati ya cha kwanza na cha mwisho upite mwaka mmoja na siku moja, ndipo aitwe bingwa wa kimataifa. Ile siku moja ya ziada huwachekesha wengi, lakini bila hiyo cheti hakitoki.

Mfumo wa pili ni wa Kennel Club ya Uingereza, iliyoanzishwa 1873. Huko bingwa ni mbwa aliyepata vyeti vitatu vya ubingwa kutoka kwa majaji watatu. FCI hugawa mbegu katika makundi 10, Waingereza katika makundi 7, na hapa ndipo waandaaji wa kwetu hujikwaa. Japanese Spitz, yule mweupe wa manyoya tele aliyejaa Milimani siku hizi, FCI humweka kundi la 5 pamoja na mbwa wa asili ya kale. Waingereza humweka katika kundi la mbwa wa matumizi mbalimbali. Ridgeback naye kwa FCI yuko kundi la 6, kwa Waingereza yuko na mbwa wa kuwinda kwa harufu na kwa macho. Ukichapa katalogi, yaani orodha ya mbwa wote, kwa mfumo mmoja na jaji akaja na mwingine kichwani, mchana wa fainali za makundi utakuwa wa mabishano.

Hapa Kenya, chama kinachosajili mbwa wa nasaba ni East Africa Kennel Club ya Nairobi. Waandikie kabla hujamwandikia mtu mwingine yeyote. Wao ndio watakaokuambia onyesho lako linaweza kutoa cheti gani, kwa kanuni zipi. Jibu likiwa kwamba huwezi kutoa cheti chochote cha ubingwa, usikate tamaa. Andaa onyesho la wazi, walete majaji wa nje, na uandike ukweli huo kwenye fomu. Watu husamehe onyesho dogo. Hawasamehi kudanganywa kwamba utepe waliopewa una uzito Ulaya.

Jaji aitwe mwaka mmoja kabla

Tarehe huchaguliwa pamoja na jaji, kwa sababu majaji wazuri hujaa mapema. Barua yako iseme wazi: utampa mbegu zipi, mbwa wasiozidi wangapi, nani analipa nauli na bima, atalala wapi, na maelezo ya maandishi yatatolewa kwa lugha gani. Muulize ameidhinishwa kupima mbegu zipi, kisha uthibitishe kwa chama cha kwao. Kama anatoka Afrika Kusini, hicho ni KUSA, chenye ofisi Cape Town. Mpenda mbwa mwenye miaka thelathini ya kufuga si jaji, hata akiwa na makombe ukuta mzima.

Halafu kuna mambo ya uhusiano. Jaji hapimi mbwa aliyemzalisha, aliyemmiliki au aliyemuuza katika miezi sita iliyopita, wala wa jamaa zake wa nyumbani. Hapandi gari la mshiriki. Halali kwake, hali kwake kabla kazi haijaisha. Mwekee chumba hotelini na dereva asiye na mbwa. Nakuru ni jiji tangu Desemba 2021, lakini kwa watu wa mbwa ni kijiji: ukimpeleka jaji kula kuku kwa mtu Ijumaa, Jumamosi asubuhi kila mshika kamba, yule anayemwongoza mbwa ulingoni, anajua hata mapaja yalikuwa mangapi.

Mgeni ambaye nchi yake haijasamehewa aombe idhini ya kusafiri mtandaoni, eTA, ambayo Kenya iliiweka badala ya viza mwaka 2024. Kutoka Nairobi hadi Nakuru ni kama kilomita 160, na malori ya barabara ile hayajali ratiba yako. Afike Alhamisi.

Na jambo moja dogo lililotugharimu nusu saa. Tulimwandikia jaji wetu ujumbe wa heshima kwa Kiswahili, kwa kuwa alisema anajifunza, kwamba gari litamchukua saa mbili. Yeye akahesabu kwa saa ya mkononi mwake, akaona ni saa nane mchana, akaagiza chai ya pili. Dereva yuko nje anapiga honi. Saa za wageni ziandike kwa tarakimu na neno asubuhi.

Uwanja: kwa nini Nakuru na si Kisumu

Nawapenda ndugu zangu wa Kisumu, lakini mbwa hapoi kwa jasho kama sisi, hupoa kwa kuhema. Kisumu iko karibu mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, kando ya ziwa, na hewa yake ni nzito kwa unyevu. Nakuru iko karibu mita 1,850. Tofauti hiyo kwa Bulldog au Pug, mwenye pua iliyobanwa, ni tofauti ya kutembea na kuzimia. Ukilazimika kufanyia Kisumu, fanya kazi yote kabla ya saa nne na nusu asubuhi na jioni baada ya saa kumi.

Nakuru kwenyewe, Januari na Februari ndiyo miezi mizuri: kavu, vumbi kidogo, asubuhi baridi. Machi hadi Mei ni masika, na Julai hadi Agosti mvua hurudi alasiri. Uwanja wa maonyesho ya kilimo una nafasi, maji, ua na vyoo, ila mara nyingi Julai wenyewe wana maonyesho yao, kwa hiyo usiwakaribie mwezi huo.

Ulingo wa mbwa wakubwa uwe mita 20 kwa 20, uzungushwe kamba ya katani kwenye vigingi. Nyasi zikatwe siku tatu kabla, si asubuhi ile, kwa sababu vipande vibichi hunata kwenye nyayo. Dawa ya kupe ipigwe wiki moja mapema, ikauke kabisa. Kisha tembea ulingo wote kwa miguu mitupu. Nasema kweli, vua viatu. Utapata miiba, vifuniko vya soda na mashimo ya fuko ambayo macho hayakuyaona, na mbwa wa milioni mbili akitegua mguu kwenye shimo la fuko utaeleza wewe.

Hema la jaji liwe upande ambao jua la asubuhi liko mgongoni mwake. Usiweke hema linalotupa mistari ya kivuli katikati ya ulingo, maana mbwa wachanga huruka mstari kama ni mtaro. Meza ya mbwa wadogo iwe imara, yenye mkeka wa mpira, kwani mbwa anayeteleza hukunja mgongo na jaji atampa kosa lisilo lake. Kando ya kila ulingo weka maji, mifuko ya kuzolea kinyesi na ndoo yenye mfuniko. Kwa choo cha mbwa, kona yenye pumba za mbao inatosha, na mashine za mbao za Elburgon hukuuzia gunia kwa bei ya soda.

Wauzaji wa chakula waangalie upepo unatoka wapi. Mwaka mmoja tulimruhusu kijana wa mutura aweke jiko lake upande wa mashariki. Saa tatu upepo ukageuka. Darasa zima la German Shepherd madume, mbwa wa fahari, walisimama pua juu wakitazama moshi, na hakuna hata mmoja aliyekubali kutembea upande wa pili. Jaji alicheka, lakini aliandika vilevile "hakuzingatia". Kijana tulimhamisha. Mutura tuliununua wote.

Chanjo, chipu na mipaka

Hapa usiwe na huruma. Langoni kuwe na daktari wa mifugo mwenye leseni, meza, na mashine ya kusoma chipu iliyo chini ya ngozi ya mbwa. Chipu ya kimataifa ina tarakimu 15, na lazima zilingane na za kwenye cheti cha nasaba na cha chanjo. Chanjo ya kichaa cha mbwa, ikiwa ni ya kwanza, iwe imepita siku 21. Chanjo za distemper na parvo, magonjwa ya virusi ya mbwa, ziwe hazijaisha muda. Mbwa mwenye kikohozi, kuhara, au macho ya usaha anarudi garini, hata kama mwenyewe ameendesha kutoka Kitale usiku kucha. Nimewahi kumwona mama mtu mzima akilia langoni kwa ajili hiyo. Ni vigumu, lakini parvo inayoingia onyeshoni huondoka na vilebu vya watu kumi.

Mbwa wa Uganda na Tanzania waje na cheti cha afya cha serikali yao na kibali cha kuingiza mnyama kutoka idara yetu ya mifugo, kilichoombwa kabla ya kufika mpakani. Wenye kutoka Ulaya waonye mapema kuhusu safari ya kurudi. Kenya haimo katika orodha ya nchi zinazosamehewa kipimo cha damu na Umoja wa Ulaya. Mbwa lazima apimwe kinga ya kichaa, ifike 0.5 IU kwa mililita, damu ikitolewa angalau siku 30 baada ya chanjo, na kisha asubiri miezi mitatu. Ila akipimwa huko kwao kabla ya kuondoka na ikaandikwa kwenye pasipoti yake, haongojei miezi hiyo. Mstari huo mmoja kwenye barua ya mwaliko utamwokoa mtu robo mwaka.

Washirikishe maafisa wa mifugo wa kaunti. Kenya imejiwekea lengo la kumaliza vifo vya watu vya kichaa cha mbwa kufikia 2030, na wao hufurahi kupata kisingizio cha chanjo ya bure kwa mbwa wa mtaani. Fanyeni hivyo, ila wiki nyingine na lango lingine.

Na waambie wageni, kwa herufi kubwa, kwamba mbwa haruhusiwi ndani ya Hifadhi ya Ziwa Nakuru. Kila mara yupo anayepanga kupita na Labrador wake kutazama heroe.

Usajili na hesabu ya saa

Funga usajili wiki nne kabla. Usimpokee mtu langoni na mbwa na noti, kwa sababu ratiba na katalogi ni hesabu, na hesabu haipokei wageni. Fomu iulize jina la mbwa lililosajiliwa, namba, tarehe ya kuzaliwa, wazazi, mfugaji, mmiliki na darasa. Malipo yaende M-Pesa ya chama, si ya mwenyekiti.

Madarasa ya FCI huenda kwa umri: vilebu miezi 6 hadi 9, vijana miezi 9 hadi 18, wa kati miezi 15 hadi 24, darasa la wazi kuanzia miezi 15, mabingwa vilevile, na wazee kuanzia miaka 8. Madume na majike hupimwa mbali mbali. Darasa la wazee usilifute hata kama ni mbwa wawili. Hakuna kinachoonyesha ubora wa mbegu kama jike wa miaka tisa anayekimbia bila kuchechemea, na mimi darasa hilo silikosi.

Sasa hesabu. Jaji anayeandika maelezo hupima mbwa 20 kwa saa, 80 kwa siku. Ukiwa na mbwa 96 na majaji wawili, kila ulingo una 48, yaani saa mbili na dakika 24. Ukianza saa mbili na nusu asubuhi, mbegu zote zimekwisha kabla ya saa tano. Fainali za makundi zianze saa tano na nusu, na mshindi mkuu wa onyesho apatikane saa saba, kabla mawingu hayajakusanyika juu ya Menengai. Mbwa wa pua fupi wawe wa kwanza kabisa asubuhi. Jike aliye kwenye joto la kupandwa akiruhusiwa, awe wa mwisho ulingoni.

Watu wa ulingoni

Kila ulingo unahitaji wasimamizi wawili. Mmoja huita namba na kupanga mbwa, mwingine huandika. Vijana wa chuo cha Egerton wanaosomea mifugo ni wazuri sana kwa kazi hii, ukiwafundisha jioni moja mapema. Wafundishe kunyamaza. Msimamizi hamwambii jaji "huyu ndiye wa daktari fulani", wala hamwachii katalogi mezani, kwa sababu jaji hatakiwi kuiona kabla ya kumaliza. Anajua namba ya mkononi mwa mshika kamba na umri wa mbwa tu.

Kubaliana na jaji juu ya rangi za utepe. Uingereza mshindi wa kwanza ni mwekundu, Marekani ni wa buluu. Tuliwahi kuwa na watu wawili wanaoshangilia ushindi mmoja.

Barua ya kumjulisha OCS, mkuu wa kituo cha polisi, huduma ya kwanza ya binadamu, jenereta, na fundi wa kipaza sauti ayafunge yale maspika mbali na ulingo. Hayo unayajua ukiwa umewahi kuandaa harusi.

Jaji kazini

Hapa ndipo penye onyesho lenyewe. Hata kama hutawahi kuwa jaji, mwandaaji asiyejua jaji anatafuta nini hawezi kumlinda.

Darasa lote huingia na kuzunguka mara moja kinyume cha saa, mbwa akiwa upande wa kushoto wa mshika kamba. Kwa namna hiyo mbwa yuko kati ya mtu na jaji, hajafichwa na suruali ya mtu. Mzunguko huu si mapambo. Mbwa hutulia, na jaji hupata picha ya kwanza: ni mbwa wa mbegu hii kweli, au ni mbwa mzuri tu? Kuna mbwa wazuri ambao si wa mbegu yao.

Kisha mmoja mmoja. Jaji humkaribia mbwa kwa mbele, kwa upande kidogo, akimsalimu mshika kamba kwanza. Asije kutoka nyuma, asijitupe juu ya kichwa. Mkono huanza chini ya kidevu au kifuani. Meno afadhali yaonyeshwe na mwenye mbwa, jaji asichovye vidole kutoka mdomo hadi mdomo. Kwa mbegu nyingi, meno ya juu yanatakiwa yapite mbele ya ya chini yakigusana kama makali ya mkasi. Macho, masikio, kisha shingo, bega, na mkono ushuke kifuani kupima kina chake. Mbavu, mgongo, kiuno, mapaja, kifundo cha nyuma, nyayo. Dume awe na korodani mbili zilizoshuka kikamilifu. Manyoya huongopa, kwa hiyo mkono hupita chini yake: Spitz aliyechanwa vizuri anaweza kuficha mgongo uliobonyea.

Mwendo ni nusu ya kazi. Mbwa atumwe kwa pembetatu, kwa mwendo wa mruko mwepesi, kamba ikilegea. Akienda, tazama miguu ya nyuma kama inakwenda sambamba. Akipita ubavuni, tazama anavyofikia mbele na anavyosukuma nyuma, na kama mgongo umetulia au unarukaruka. Akirudi, tazama viwiko. Mshika kamba anayekimbia sana mara nyingi anaficha kitu. Mwambie apunguze.

Nitoe mfano wa mbegu yetu ya Afrika. Maelezo ya Rhodesian Ridgeback yaliandikwa Bulawayo mwaka 1922. Alama yake ni ukanda wa manyoya yaliyoota kinyume mgongoni, kuanzia nyuma ya mabega, ukipungua hadi juu ya nyonga, na juu yake pana taji mbili, yaani vizunguko vya nywele, zinazoelekeana. Taji hizo zisishuke zaidi ya theluthi moja ya ukanda. Dume awe sentimita 63 hadi 69 begani, jike 61 hadi 66. Watu wa kwetu huja na dume wa sentimita 74 wakitabasamu, kwa kuwa walimnunua kulinda shamba na kila jirani anamsifu. Ulingoni ukubwa huo ni kosa, na kosa hilohilo ndilo la Rottweiler wa yule mzee wa Njoro: dume wa mbegu ile anaishia sentimita 68. Maelezo hayasemi mbwa atishe, yanasema afanye kazi yake siku nzima. Lakini jaji asiishie kumpima Ridgeback mgongo. Nimeona taji safi kabisa zikishinda juu ya miguu mibovu, na siku ile nilijua jaji alipima nywele.

Maelezo ya maandishi ya jike mmoja yangesomeka hivi:

"Jike, miaka mitatu, rangi ya ngano iliyoiva. Kichwa kina uwiano, macho angavu. Ukanda umenyooka, taji zinaelekeana. Shingo imara, bega limelala vizuri. Kifua kina kina bila kuwa pipa. Kiuno kirefu kidogo. Akija mbele viwiko vinafunguka, ubavuni anakula ardhi bila kuhangaika. Mtulivu. Bora kabisa."

Angalia kwamba jaji ameanza na mazuri, ametaja kasoro mbili waziwazi, na bado amempa daraja la juu. Jaji anayehesabu makosa tu humpa ushindi mbwa asiye na kosa wala sifa. Madaraja ya FCI ni bora kabisa, nzuri sana, nzuri, ya kutosha, kisha kuna aliyeondolewa na asiyeweza kupimwa. Asiyeweza kupimwa ni yule anayejirusha, asiyekubali kushikwa, au aliyepakwa kitu kuficha hali yake. Wanne wa kwanza hupangwa na kupewa utepe. Mwingereza haandiki daraja, hupanga tu.

Kuna mambo mawili ambayo jaji wa leo hapaswi kuyafumbia macho. La kwanza ni pumzi. Pug anayekoroma amesimama asishinde, hata kama uso wake ni wa picha. La pili ni mgongo wa German Shepherd unaoteremka kama paa la banda, miguu ya nyuma ikiyumba. Mwaka 2016 kwenye onyesho la mbwa la Crufts, Uingereza, mshindi wa mbegu hiyo alizua kelele nchi nzima kwa mwendo wake. Dume wa mbegu hii anatakiwa awe sentimita 60 hadi 65 na aweze kuchunga kondoo siku nzima. Na huku kwetu wapo wanaoleta German Shepherd mweupe wakiamini ni adimu. Kwa maelezo ya mbegu yake, rangi hiyo inamwondoa. Mweupe ana mbegu yake nyingine, White Swiss Shepherd, kwa hiyo mwambie mwenye mbwa kabla hajalipa ada.

Mikia na masikio yaliyokatwa ni suala la kuamua kwenye fomu, mapema. Mashirika mengi hayataki, na Doberman na Rottweiler wengi wa kwetu hukatwa mkia wakiwa na siku chache. Usiliache lizuke ulingoni.

Yakiharibika

Mbwa akimng'ata mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, mtu apelekwe hospitali akachomwe chanjo, na mbwa afuatiliwe siku 10 hata kama ana cheti. Usikubali "mbwa wangu ni safi".

Mbwa akihema kwa nguvu, akiyumba, ufizi ukiwa mwekundu mno, mpime joto. La kawaida ni nyuzi 38 hadi 39, akifika 41 ni dharura. Mmwagie maji, mpepee, mpoze kwanza halafu umpakie garini. Wanaokimbilia gari kwanza humfikisha amekwisha.

Mtu akipinga uamuzi, hapingi kwa jaji. Huandika na kulipa ada ya pingamizi kwa kamati, na pingamizi husikilizwa kwa utaratibu tu: darasa lisilo lake, umri wa uongo, uhusiano na jaji. Maoni ya jaji juu ya mbwa hayakatiwi rufaa.

Jumapili na Jumatatu

Jumapili ng'oeni vigingi vyote, mhesabu, maana kigingi kimoja kilichobaki kwenye nyasi kitatoboa tairi la trekta na uwanja hamtapewa tena. Mlipeni fundi wa hema siku hiyohiyo. Matokeo yaende kwa chama kabla wiki haijaisha, yakiwa na sahihi ya jaji kwenye kila ukurasa, na kila mshiriki apate nakala ya maelezo ya mbwa wake. Nakala moja ibaki kwako.

Hiyo utaihitaji Jumatatu. Saa tatu asubuhi simu italia, na atakuwa mtu uliyemheshimu miaka mingi, akikuuliza kwa sauti ya chini ni nani alimnong'onezea jaji. Usibishane naye. Msalimie, muulize mbwa ameamkaje, kisha fungua daftari na umsomee mistari minane ya mbwa wake, polepole, mpaka pale pa kiuno kirefu.